Tone la Kusimamisha Ini

Kap. Kimya. Kap tena.

Sauti hiyo ndiyo dada mtu aliyobaki nayo, kuliko maneno yote ya daktari yaliyokuja baadaye. Alikuwa jikoni anachambua mchele, kaka yake, fundi wa magari, anapita ukumbini akitokea bafuni. Siku zote kandambili za kaka zilipiga mbili mbili, na nyumba nzima ikajua fundi yuko wapi. Jioni ile zilipiga moja. Alipochungulia, aliona ya kushoto imebaki peke yake katikati ya sakafu, na kaka ameshafika kitini, mguu mtupu, anatafuta rimoti.

"Kaka, kiatu chako."

"Kipi?"

"Cha kushoto. Kimekuvuka pale."

Kaka aliutazama mguu wake kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani. "Kandambili za siku hizi," alisema. "Mpira hauna nguvu."

"Mpira hauna kosa," wifi yake alidakia kutoka chumbani. "Mume wangu siku hizi anavukwa na viatu kama nyoka anavyojivua ngozi. Juzi kaacha kimoja gereji, kaja nacho kimoja hapa, na anabisha."

Wakacheka wote wawili. Dada mtu alirudi kwenye mchele wake, akajikuta anazitupa punje nzuri na kuziacha chuya.

Pale gereji kwa kaka walimwita Dada Maini, kwa sababu alikuwa fundi wa maabara na kazi yake ilikuwa maini ya panya. Aliyasaga juu ya barafu ndani ya kichupa cha kioo, akayazungusha kwenye mashine mpaka yakatengana tabaka kwa tabaka, akachukua lile tabaka la waridi lililokaa chini kama chavua ya ua. Hilo ndilo lenye kazi. Aliligawa kwenye vichupa vidogo, akatia tone la mafuta yaliyoletwa kupimwa, petroli au dawa za kusafishia vyuma, kisha akaviweka vichupa kwenye maji yenye joto la mwili, yanayotikisika taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Panya hayupo, lakini ini lake halijui. Linafanya kazi.

Kazi yenyewe ni ya unyenyekevu. Mafuta hayachangamani na maji, kwa hiyo mwili hauwezi kuyatoa. Ini huyageuza kidogo kidogo mpaka yakubali kuyeyuka, yatoke na mkojo. Mara nyingi linafanikiwa. Lakini kuna moja liitwalo heksani, limo ndani ya petroli na limejaa kwenye zile dawa za bei rahisi za kuoshea vyuma. Ini likiligeuza, katikati ya kugeuza hutengeneza kitu kibaya kuliko kile kilichoingia. Kitu hicho hula mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote. Huanza na vidole vya miguu.

Na kaka yake alikuwa anaosha vyuma kwa dawa hiyo, mikono mitupu, katika chumba cha nyuma cha gereji, mlango umefungwa. Aliufunga kwa sababu ya vumbi. Mafundi wengine walioshea nje, kwenye upepo, na injini zao zilirudi zinakwaruza. Za kwake hazikurudi. Usafi ndio uliokuwa jina lake mjini.

"Fungua basi hata mlango," alimwomba, mara nyingi kiasi cha kuchoka kujisikia.

"Nikifungua, vumbi litaingia kwenye beringi. Wewe ungependa uzi wa nywele uingie kwenye vichupa vyako?"

"Kaka, hiyo dawa inapita kwenye ngozi. Inapita puani. Ini lako linaigeuza sumu."

"Ini langu limefanya kazi miaka yote hii, halijaomba likizo hata siku moja."

"Ndiyo shida yenyewe. Halijui kupumzika."

"Limenirithi mimi hilo," alisema kaka, na vijana wa gereji wakaangua kicheko.

Hakuacha mpaka siku alipokanyaga kaa la moto uani, akasimama juu yake akizungumza na mkewe, na wifi ndiye aliyesikia harufu. Daktari wa mishipa ya fahamu alimfumbisha macho, akamgusa vidole kwa kipande cha pamba. "Ukisikia, sema." Pamba ilipita vidole vyote. Kaka alipofumbua macho akauliza, "Umeshaanza?"

Kwa hiyo aliacha. Akahamia mbele ya gereji, kwenye kiti, akawaelekeza vijana kwa mdomo. Chumba cha nyuma kikatolewa mlango. Dada mtu alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu ile kandambili. Kazini, alipokuwa akitia tone la asidi baridi kwenye vichupa, alitabasamu. Ndiyo kawaida ya kipimo: muda ukifika, unatia tone hilo, na ini linasimama hapo hapo. Haliongezi hata chembe.

Lakini ganzi haikusimama. Ilipanda. Ikavuka kifundo cha mguu, ikashika muundi. Kaka akaanza kutembea kwa kuinua magoti juu, kama mtu anayevuka dimbwi, kwa kuwa nyayo zilikuwa zinaburutika. Kisha akaangusha kikombe.

"Alipokuwa anaosha vyuma alikuwa anatembea," wifi alimwambia jikoni, bila kumtazama. "Umemwachisha, na ndiyo hivi."

"Wifi..."

"Sikulaumu. Nasema ninachokiona."

Daktari alieleza kwamba ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Mtu anaacha, na mishipa iliyokwisha kuguswa inaendelea kufa kwa miezi. Baadaye husimama. Baadaye, pengine, hurudi kidogo. Dawa hakuna.

Hilo dada hakuridhika nalo. Alimfuata mtafiti mkuu wa maabara, mzee mpole aliyekuwa akivua miwani kila anaposhindwa jambo.

"Hakuna kabisa cha kuisimamisha?"

Mzee alivitazama vichupa vilivyokuwa vikibembea kwenye maji. Akavua miwani. "Kwenye vichupa kipo, mwanangu," alisema. "Kwenye vichupa tu."

Tangu hapo, jioni baada ya chakula, alikaa kwenye kigoda miguuni pa kaka na kipande cha pamba. Kaka ndiye aliyetaka. Alisema daktari ana haraka, dada yake ana mkono wa taratibu. Alifumba macho, kichwa kimeegemea ukuta, mikono iliyokwisha kutakata kupita kiasi kwa fundi imelala mapajani. Dada alimgusa kidole. Kimya. Unyayo. Kimya. Kifundo. Muundi. Alipanda na pamba polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani akitafuta swichi, mpaka karibu na goti.

"Hapo," alisema kaka.

Kila wiki "hapo" ilikuwa juu zaidi kidogo. Dada hakumwambia. Naye hakuuliza, kwa sababu alikuwa fundi, na fundi anajua chombo chake.

Jioni moja wifi alikuja kusimama mlangoni, mkono kiunoni, kutazama. Hakuwahi kutazama kabla. Kaka alisikia nyayo zake, akakaa wima, akafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayejifanya amelala.

"Haya, Dada Maini. Pima."

Aliichambua pamba kwanza. Ilikuwa imevurugika, na alitaka ncha yake iwe laini. Bado aliishika juu ya paja lake mwenyewe, hajainama.

"Nasikia," alisema kaka. Alikuwa anatabasamu. "Kidole gumba. Leo nasikia kabisa."

Wifi aliweka mkono mdomoni. Aliitazama ile pamba, akamtazama aliyeishika, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Dada aliinama, akakiweka kiganja chake chote juu ya ule mguu wa baridi.

"Ndiyo, kaka," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Hapo hapo."