Mdudu Aliyepotea Mezani

Niliporudi mezani wadudu walikuwa watano. Nilikuwa nimewaacha sita.

Si wadudu wa kweli. Ni ndoano ndogo kama punje ya mchele, ninazozivisha unyoya wa kuku na manyoya ya mbuzi, nikazifunga kwa uzi wa cherehani uliopakwa nta ya nyuki, ili samaki adanganyike. Mvua za kwanza zikinyesha, mto Ugalla huibua vidudu vya kahawia. Utotoni huishi chini ya maji ndani ya vijumba vya mchanga na vijiti, na vikishaota mbawa huzikunja mgongoni kama paa la kibanda. Siku hizo samaki hawataki kitu kingine. Mimi ni fundi cherehani wa Makanyagio, mbishi kwelikweli, na lile paa lilikuwa limenitoa jasho wiki nzima. Asubuhi ile likakaa. Nilimweka yule wa sita mezani, nikajisifu kwa sauti kama mwendawazimu. Ndipo mteja akapiga hodi, nikatoka nje kumpima suruali.

Meza yenyewe ni fupi. Mwanangu wa miezi kumi alikuwa ameanza kusimama kwa kuishika. Sasa hakuwepo, bibi yake alikuwa amemchukua chumbani. Sakafuni, pale aliposimama, palikuwa na kiunyoya kimoja. Nilikiokota. Kilikuwa kimelowa mate.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mwese kumsaidia mke wangu kulea. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala haingii alimo. Tangu afike tulikuwa tunazungumza kupitia mtoto. "Mume wangu," humwambia mjukuu wake nyuma ya pazia, "mwambie baba yako uji uko tayari." Nami humwambia mtoto, "Mwambie bibi nashukuru." Mtoto hucheka tu, lakini sisi tunakuwa tumeelewana.

Nilisimama mbele ya pazia.

"Mwambie bibi akuangalie mdomoni," nilisema. Kisha nikamwita mwenyewe. "Mama, mtoto amemeza ndoano!"

Kisha mtoto akaanza kulia kwa nguvu, maana kidole cha bibi kilikuwa kimeingia mpaka kooni.

"Mdomoni hamna," alisema. "Ingia, baba. Mshike miguu."

Niliingia huku nimeinamisha kichwa. Nilimshika mtoto, nikawasha tochi ya simu, bibi akachungulia. Hatukuona kitu. Mtoto akakohoa, na kila alipokohoa nilihisi ndoano inanichoma mimi. Nikampigia bodaboda atupeleke hospitali. "Nakuja kaka, nashusha abiria," akasema. Mke wangu alikuwa sokoni. Sikuthubutu kumpigia.

Mama mkwe alitoka na mtoto mgongoni, akatazama meza, kisha akatazama chini yake. Alikuwa amekuja na kuku wawili, akawafunga kwa kamba kwenye mguu wa meza wasije wakapotea ugenini. Nilikuwa nimeshanung'unika sana kwa jinsi walivyonyea vitambaa vyangu.

"Huyo mdudu wako," aliniuliza, "kuku akimwona ataona nini?"

"Ataona mdudu, mama."

"Basi lete kisu."

Nilimchinja wa kwanza uani. Yeye akapasua gole, kile kifuko cha shingoni, akakuta pumba. Akapasua firigisi, akakuta vijiwe na mchanga. Mtoto akakohoa tena mgongoni kwake. Bodaboda akapiga honi nje.

"Mwambie asubiri," alisema mama mkwe, na safari hii hakuwa anamwambia mtoto.

Yule wa pili alikuwa anataga. Alimleta makusudi, ili mjukuu ale mayai. Alimkamata mwenyewe, akabana mabawa kwa mguu, akanipa shingo. Nilimwomba Mungu ndoano iwe ndani ya kuku yule, na niliogopa kuomba, maana isipokuwa humo hakuna kwingine ila tumboni mwa mwanangu. Gole lilikuwa tupu. Akachukua firigisi, akaiweka kiganjani, akaanza kupasua.

Sikuweza kutazama kisu. Nikamtazama yeye usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, nisome majibu humo. Nikaona midomo inacheza, macho yamejaa machozi.

"Baba," alisema, "mdudu wako huyu hapa."

Alikuwa amenasa kwenye nyama ya firigisi, amelowa, uzi haujaachia, paa limekunjika mgongoni vilevile; kumbe kile kiunyoya cha sakafuni kilikuwa cha kuku hawa tu, mtoto amekinyonya. Nilikaa chini kwenye damu na manyoya, nikalia mbele ya mama mkwe bila aibu yoyote. Yeye alimteremsha mtoto, akaniwekea mapajani, akaenda kumwambia bodaboda arudi zake.

Wadudu wote niliwafungia kwenye kopo, nikaliweka juu ya kabati. Mchana nilikaa mezani peke yangu. Sahani ililetwa ikaachwa, pazia likarudi mahali pake, na kila mmoja wetu akarudi upande wake.

"Mume wangu," nikasikia nyuma ya pazia, "mwambie baba yako firigisi ni ya mwenye nyumba, mwachie ale. Ila atafune taratibu."

Mtoto akacheka. Nikasema, "Mwambie bibi nashukuru," nikaanza kutafuna taratibu.