Mlio Mmoja wa Ijumaa

Mwanangu, ipo siku moja ya Doha ambayo kila nikiikumbuka natamani nirudishiwe, hata kwa saa moja tu. Tulikuwa kwenye foleni, tunatoka Al Wakrah kwenda Lusail, mimi kwenye usukani na bosi wangu kiti cha nyuma, mwalimu wa Kimarekani tuliyemwita Madam. Mapajani alikuwa na kasha la barua kuukuu.

Barua zilikuwa za babu wa babu yake, mjumbe wa bunge la jimbo huko kwao, zama za farasi na taa za mafuta. Madam alikuwa akiandika maisha ya mzee huyo, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsomea, alinisomea mimi. Basi nikamjua mheshimiwa huyo kuliko ninavyowajua wabunge wetu. Alikuwa na mke, Hana, na watoto sita, na shamba kando ya mto usio na daraja. Kila majira ya baridi alihamia mji mkuu wa jimbo miezi mitatu, akilipigania daraja hilo bungeni. Akisimama kusema, wote kimya.

Hana alimwandikia kila wiki. Ng'ombe mweusi kazaa. Kitinda mimba ameota meno. Unalala wapi? Nani anakufulia? Naye mheshimiwa, bingwa wa maneno, alijibu mstari mmoja: "Mimi mzima. Kikao kinaendelea." Mwaka hadi mwaka ni hivyo hivyo, mpaka barua za Hana nazo zikafupika. Ya mwisho ilisema tu, "Sote wazima."

Nikacheka. "Madam, huyu mzee alikuwa bahili wa maneno!"

Yeye hakucheka. "Na wewe, Saidi, mama yako unamwambia nini?"

"Mama? Nambipu kila Ijumaa."

Ikabidi nimweleze. Kabla sijaondoka kwetu Muheza tulipatana na mama: Ijumaa baada ya swala nitampigia, ikilia mara moja nakata. Naye atanipigia, ikilia mara moja anakata. Maana yake huku nipo salama, na kule wote wazima. Mwanzoni ni kwa sababu kadi za simu zilikwisha kabla hujamaliza salamu. Baadaye, nisikufiche, ulikuwa uvivu. Mama alikuwa na maswali mengi, nami nilikuwa nimechoka. Mara ya mwisho tulipozungumza aliniuliza, "Baba, huko unakula nini?" Nikamwambia, "Mama, salio linakwisha." Wala halikuwa linakwisha.

Madam akanitazama kwenye kioo. "Huo nao ni mstari mmoja, Saidi."

Nilichukia. Nikajiambia, mzungu huyu anajua nini kuhusu mimi na mama yangu? Ijumaa ile nikabipu kama kawaida, ya pili vilevile, na za baada yake. Kila mara jibu likaja, mlio mmoja, nikaenda zangu kula biriani na wenzangu.

Wiki ya saba hivi, tukiwa njia ya Umm Salal, Madam akafika chini ya kasha. Palikuwa na hotuba yake ya kudai daraja, ambayo mheshimiwa aliitunza maisha yake yote. Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko wa kizee unaotetemeka, alikuwa ameandika: "Hana, nililala chumba cha juu, kina dirisha la upande wa mto. Alinifulia mjane mwenye nyumba. Supu yake ilikuwa maji matupu." Madam akaniambia kwamba siku alipoyaandika hayo Hana alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

Niliegesha gari bila kuomba ruhusa. Nikampigia mama, safari hii nikaiacha ilie.

Akapokea dada yangu, Mwanaidi. Akaanza kulia, nikajua kabla hajasema. Mama alikuwa amezikwa wiki tano nyuma. Mwenyewe ndiye aliyeagiza nisiambiwe, nisije nikaacha kazi.

"Alisema simu ya kaka ikilia Ijumaa, mjibuni," Mwanaidi akasema. "Tukakujibu, kaka. Tusamehe."

Wiki tano, mwanangu, naambiwa wote wazima! Wala siwezi kumlaumu mtu, maana mtindo ule niliuzoea na kuupenda mwenyewe. Siku ile ya foleni, lau ningempigia na kuiacha simu ilie, mama alikuwepo wa kuipokea.

Nilipopata likizo nilikaa kando ya kaburi lake asubuhi nzima. Nikamweleza: mama, nakula wali na dengu, Ijumaa biriani, mpishi wetu Mnepali anazidisha pilipili. Nikamweleza vyote. Mpaka leo nikisikia harufu ya dengu namtamani mama yangu.

Sasa zamu ya kwenda Doha ni yako. Simu za siku hizi zina picha na video, lakini nimeona mama yako akikuandikia habari ndefu nawe unamjibu kwa kipicha cha kidole gumba. Acha hiyo. Akikuuliza umekula nini, mtajie mpaka chumvi. Muulize na wewe habari za kuku wake na magoti yake, na usingoje siku yenye nafasi, kwa kuwa Doha haina siku hiyo. Kujua tu kwamba u hai hakumtoshi mama. Anataka akae nawe kidogo.

Haya, nenda. Mungu akufungulie riziki huko uendako, akukinge na jua lile, na kila utakapopiga simu nyumbani, amjalie mama yako awe ndiye anayepokea.