Kuku wa Mzee Mhando

Nisikilizeni, na mkicheka chekeni taratibu, maana mkasa huu nikiukumbuka mpaka leo natamani kujifunika kanga ya mke wangu usoni.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa tulikuwa na kibendi chetu hapa Korogwe, nami nilipiga gitaa la galatoni, lile kavu la mbao, nililolitia kinasa sauti chini ya nyuzi na kikuza sauti kidogo cha betri tumboni mwake. Tukaalikwa Handeni kupiga kwenye harusi ya kijana wa Mzee Mhando. Mzee huyo ndiye baba wa Zaina, niliyekuwa nimempelekea posa, na alisema jibu atalitoa siku hiyo, akishaona mimi ni mtu wa namna gani. Asubuhi ya safari kinasa sauti kikafa. Mwenye akili angelipeleka gitaa kwa fundi redio wa Kilole, lakini mimi (mjuaji) nilikuwa na mkono wa simu mbovu niliouokota jalalani, kwenye shamba la mkonge alikofanyia kazi baba, basi nikachomoa kidude cha upande wa kusemea, nikakilehemu kwenye kikuza sauti na kukibandika kwa lami ndani ya gitaa. Nikapiga uzi mmoja, spika ikanguruma. Nikajiona injinia.

Harusini tulipiga vizuri tu. Wakati wa kula wenzangu wakaweka vyombo chini, mimi nikabaki na gitaa mapajani (watoto wasije wakalichezea), waya wake bado uko kwenye spika. Likaja sinia la bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa kuku. Nikainama nikamnong'oneza Kasimu, mpiga ngoma wetu: "Huyu kuku hakuingia kwenye sufuria, alipita juu yake tu. Mzee ana mkono wa birika."

Sasa kidude cha kusemea, ndugu zangu, hakikutengenezwa kusikiliza nyuzi, kinasikiliza midomo. Kijiji kizima kikaletewa maneno yangu, tena yakasikika vizuri kuliko nyimbo zetu zote.

Zaina alikuwa akinawisha wageni. Akaweka birika chini, akaingia ndani. Niliogopa, siwafichi.

Mzee Mhando akafuta mikono polepole. "Kijana, wewe si Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mnyamwezi na sisi Wazigua ni watani toka mababu. Mtani akisema hivyo nacheka, tunaagana vizuri, anakwenda kwao. Mkwe hana ruhusa hiyo. Mkwe akinikosea namtoza. Haya, aliyesema ni nani?"

(Njia rahisi niliiona. Ningejibu mtani, watu wangecheka, nami ningerudi Korogwe salama, bila Zaina.)

"Mkwe," nikasema, na spika nayo ikasema.

Ndani kikapigwa kigelegele kimoja, halafu shangazi mtu akakinyamazisha.

Nilitozwa mbuzi, na Zaina nikampata. Tangu hapo gitaa likiwa na waya, hata salamu naitoa kwa mkono. Lakini adhabu yenyewe ilikuwa nyingine: miaka yote aliyoishi, kila nilipokwenda ukweni Mzee Mhando aliniwekea kuku mzima, peke yangu, akakaa mbele yangu kunitazama mpaka mfupa wa mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mkwe, huyu aliingia?"