Siku Niliyowanywesha Wakimbiaji Maji ya Ng'ombe

Aibu hii ningeweza ningeizika, lakini ilinipata mbele ya wazazi wote wa shule ya binti yangu, kwa hiyo afadhali mwisikie kwangu kabla hamjaisikia sokoni Machakos.

Ilikuwa Februari, jua kali ajabu, na Mwende wangu, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa akimbie mita elfu moja na mia tano; wawili wa kwanza wangeingia timu ya kaunti. Mwalimu Ndunge, kocha wao, aliomba mzazi mmoja alete maji, nami nikainua mkono kabla hajamaliza kusema (mimi ambaye chuo kikuu nilikimbia mara moja tu, na ni kuwahi chakula). Nikasoma kwenye simu kwamba mtoto akitoka jasho hupoteza chumvi.

Sasa, kwetu boma lina maji ya aina mbili: ya mvua, kwenye tangi, ndiyo ya kunywa, na ya kisima, yenye chumvi, ya kufua na ya ng'ombe. Tangi lilikuwa karibu kuisha. Nikajiambia, kwa akili yangu yote ya msomi, ikiwa watoto wanahitaji chumvi na kisima kina chumvi, shida iko wapi? Nikajaza mitungi miwili kisimani, nikamwaga sukari, kisha nikaongeza chumvi kiganja kizima, nisije nikakosea. Sikuonja.

Uwanjani niliwahutubia wazazi kuhusu umuhimu wa maji (ndiyo, nilihutubia), kisha nikamimina maji kwenye chupa, nikagawa. Wasichana walisema, "Asante, anko," wakaonja, wakajimwagia kichwani. Nikadhani wanajipoza. Mwende alisimama mbele yangu akamaliza chupa nzima.

Mzunguko wa pili alikuwa nafasi ya pili. Mzunguko wa tatu akashika tumbo, akatoka njiani, akatapika, akalala kwenye nyasi. Nilikimbia na viatu vyangu vya kanisani, nikamwita, hakujibu, uso umepauka, nami nikamsogezea mdomoni chupa nyingine ya maji yale yale.

Mwalimu Ndunge akaninyang'anya chupa, akaonja, akatema.

"Baba Mwende, hii maji umetoa wapi?"

"Kisimani."

"Ile ya ng'ombe?"

"Lakini niliongeza chumvi kidogo," nikasema, kana kwamba hilo lingenisaidia.

"Ngai!" akasema mama mmoja. "Kwani ulikuwa unataka kuwakausha kama nyama?"

Watu walicheka. Mimi sikuwasikia vizuri, nilikuwa nikitazama kifua cha mtoto kama bado kinapanda. Muuguzi wa shule, aliyekuwa zamu uwanjani, alimbeba hadi kivulini, akamvua viatu, akamlaza ubavu, akamfuta uso. Nikasimama pale nimeshika viatu vya mtoto, sijui nimuulize nani kama atapona, naogopa jibu.

Hatimaye Mwende akafungua macho, akanywa maji safi ya muuguzi, funda moja moja, kisha akauliza, "Nani ameshinda?"

Nafasi ilikuwa imeshaenda kwa wengine. Nikamuuliza kwa nini aliyanywa, na wenzake wote waliyamwaga.

"Baba, ulikuwa unaniangalia."

Siku hizi maji ya timu natoa kwenye tangi, hata likibaki tupu, na naonja kila mtungi mbele ya watu. Na Mwende akiinua chupa, nageuka nitazame kwingine, ili akitaka kutema, ateme.