Jino la Mshenga

Sisi tuliokulia Makanyagio tulizijua kazi za chuma kabla hatujaanza somo la sayansi. Jembe, sururu, kisu cha mama, kipande cha reli kilichogongwa shuleni badala ya kengele. Tulijua pia kwamba chuma huita radi. Mvua ikianza kunguruma, mama alipaza sauti: "Nyie, ficheni vyuma!" Vijiko vikaingia chini ya godoro, baiskeli ikafunikwa kanga kama mgonjwa. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini, na jibu lilikuwa kofi jepesi.

Siku moja ya mvua wageni walitoka Inyonga na ndoo ya asali, wamekuja kumposea kijana wao dada yangu Vero. Dada alimpenda kijana huyo mpaka alikuwa anaunguza ugali. Lakini baba alishasema: posa isipotamkwa yote leo, wasirudi tena. Mshenga, mzee mwenye jino la mbele la chuma, akakohoa na kufungua mdomo. Jino likang'aa. Papo hapo radi ikapiga.

"Funga mdomo, mzee, utatuua!" mama akapiga yowe.

Mshenga akaufunika kwa viganja vyote viwili, akaendelea kuposa hivyo hivyo.

"Sijasikia," baba akasema. "Kwetu huku hatupokei miguno."

"Mmmh! Mmmh!"

"Basi chukueni asali yenu."

Nyuma ya pazia dada akaanza kulia. Ndipo nikauliza, "Mama, na bati je?"

Wote wakatazama juu. Tulikuwa tumekaa chini ya chuma kitupu, kutoka ukuta hadi ukuta, na mvua inakitwanga. Kisha mshenga akaangua kicheko, jino lote nje. Radi ikanguruma, tukabaki hai. Akatamka posa nzima kwa pumzi moja, na kabla baba hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Nimekubali!"

Chuo kimenifundisha kwamba chuma hupitisha umeme, lakini radi hutafuta kilicho juu, haina habari na jino la mzee. Watoto wa dada hawahangaiki hata na hilo. Radi ikipiga, kila mmoja yuko chumbani kwake, simu iko kwenye chaji. Nikiwaambia waya huo ndio hatari yenyewe, wananijibu, "Anko, subiri bando liishe." Nabaki sebuleni na maelezo yangu sahihi, nikitamani mtu aniite tukaogope pamoja.