Dhamana ya Shangazi

Barua ya kuacha kazi Sista aliipeleka Jumatatu. Jumatano ndipo alipoambiwa kwamba fedha za kumpeleka chuoni hazitoki.

Alikuwa amesimama kwenye kidirisha cha chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali, sare ya uuguzi bado mwilini. Karani alikohoa kidogo, kama mtu anayesogeza kiti kabla ya kuleta habari mbaya.

"Akiba yako ipo, Sista. Ila nusu imefungwa. Ulimdhamini Shangazi wa jikoni."

"Si mnamkata kwenye mshahara? Halipi?"

"Analipa vizuri tu. Lakini mdhamini hatoki chamani mpaka apatikane mwingine, au deni lishuke chini ya akiba ya mkopaji mwenyewe. Ulitia sahihi, mama."

Alitia kweli. Katika hospitali ile, kumnyima mwenzako dhamana ilikuwa sawa na kutoitikia salamu. Fomu ilimkuta wakati wa chai. Shangazi, mpishi wa wagonjwa, alimmiminia kikombe kwa mkono wake, na Sista akasaini bila kusoma, huku akicheka mzaha wa mtu mwingine.

Chuo cha udaktari kilitaka ada Ijumaa.

Hesabu za nyumbani zilikuwa zimepangwa kama vyombo kabatini. Kipato cha mumewe, fundi wa majokofu, ni chakula. Kodi ya mpangaji wa chumba cha uani ni umeme na maji. Watoto walikwisha kuhamishiwa shule ya serikali, na yule mkubwa alilia wiki nzima kwa kuwaacha rafiki zake. Akiba ya Sista ndiyo ada. Ukichomoa kimoja, vyote vinaporomoka.

Alimkuta mumewe karakanani, kichwa ndani ya friza. Akamweleza. Mume alitoa kichwa taratibu.

"Ulimdhamini mtu bila kuniambia?"

"Na wewe ulipompa kaka yako pikipiki, uliniambia?"

Bisibisi ikatua juu ya meza kwa kishindo. "Matroni kashaisaini barua?"

"Bado."

"Basi kaichukue."

"Baba watoto, miaka yote hii nawashikia madaktari taa. Nimechoka kushika taa."

"Sijasema usisome. Nasema watoto hawatatafuna vitabu vyako." Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Nenda kwa huyo Shangazi. Na usimwonee haya. Haya ndiyo iliyotufikisha hapa."

Jikoni kulikuwa na mvuke na harufu ya vitunguu. Shangazi alikuwa akigeuza wali kwa mwiko mrefu, na hakugeuka.

"Karani kaniambia. Tangu asubuhi nazunguka kutafuta mdhamini mwingine, mwanangu. Dobi anasema mkewe atamfukuza. Mlinzi anasema kadhamini watu mpaka hajui kama shati alilovaa ni lake."

Sista alisogea karibu na jiko.

"Mimi nakaribia kustaafu," Shangazi aliendelea. "Nani atadhamini jua linalotua?"

Wali ulitokota. Kisha Shangazi akasema, bado akiitazama sufuria, "Nina mabati. Mkopo ndio ulioyanunua. Yakirudi dukani, hela yote nikaipeleka chamani, deni litashuka vya kutosha. Nimeshapiga hesabu."

"Na nyumba yako?"

"Kuta hazina miguu, zitasubiri."

Lakini zilikuwa kuta za tope, na mawingu yalikuwa yamening'inia juu ya paa la jiko tangu alfajiri. Sista alizijua kuta hizo. Aliwahi kupita kuzitazama, akazisifu. Mtu mwema angesema hapana, Shangazi, tutatafuta njia nyingine. Maneno hayo yalimfika mpaka kwenye meno. Akaiona Ijumaa. Akamwona mwanawe mkubwa na sare yake mpya, aliyekwisha kulipa sehemu yake.

"Duka litayapokea?" aliuliza.

Hapo ndipo Shangazi alipogeuka. Alimtazama kitambo kirefu, si kwa hasira. Ni kama mtu anayeonja chakula kujua kama kimeiva. Akaufunika wali, akafungua aproni.

"Hata waya wa kuyafungia haujakatwa. Lakini watanilalia. Mwenye duka yule hajawahi kurudisha bei kamili."

"Hasara nitailipa mimi, Shangazi. Wallahi nitailipa."

"Utailipa na nini, mwanafunzi?"

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kabla. Sista alisimama mlangoni akamshikia mwavuli, na wote wawili wakatoka kuelekea dukani, wakitembea haraka kabla mvua haijaanza.