Breki za Kamyo ya Masista

Mume wangu alikuwa fundi wa magari makubwa katika gereji ya kiwanda kimoja huku mtaani kwetu, Panda. Kiwanda kiliposimama, hakuna aliyemfukuza. Waliambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, na hawakuitwa. Kwa miezi mingi aliendelea kuamka mapema, kuvaa ovaroli yake ya buluu ambayo bado nilikuwa naipiga pasi, kisha kukaa mlangoni mpaka jua lipande. Hakuwa mlevi, wala hakugombana na mtu. Alinyamaza tu. Nilikuwa na mimba yangu ya tatu, ya miezi saba; mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hata juu ya mimba hiyo hakuniuliza kitu.

Kisha asubuhi moja ya kiangazi trekta likaingia kwenye barabara yetu likivuta lori la kijeshi. Jeshi lilikuwa limeyaacha malori yake yaliyokufa, na masista wa misheni moja upande wa Kapolowe walikuwa wamepata moja. Lilikuwa la kijani, refu kuliko paa la jikoni langu, halina milango, na majani yalikuwa yameota nyuma mahali askari walipokuwa wakikaa. Sista mzee, mfupi, mwenye viatu vya kiume, alishuka kwenye trekta akamwendea mume wangu.

"Papa, baliniambia weye ndiye unajua hizi kamyo. Hii itatembea tena?"

Mume wangu alilizunguka mara mbili. Akafungua boneti.

"Ma sœur, moteur iko wapi?"

"Haiko."

"Bon," akasema. "Tutatafuta."

Nilikuwa nimesimama na bakuli la unga mkononi, nikamwona anakunja mikono ya ovaroli.

Injini yeye na sista waliipata kwenye mashine ya zamani ya kusukuma hewa, iliyokuwa inaoza kwenye machimbo yaliyoachwa. Ilikuwa ya dizeli, nzima, lakini matundu yake ya boliti hayakulingana na ya sanduku la gia la lori. Mume wangu alichora matundu yote kwenye katoni, akakata bamba la chuma kwa mfano wa ile katoni, akalitoboa kwa mkono maana umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Siku nne alitoboa. Alipolifunga kati ya injini na gia, boliti zote ziliingia isipokuwa moja, na hiyo moja aliitukana kwa Kifaransa mpaka nikacheka jikoni.

Breki aliziacha mwisho. Mipira ya breki aliitoa kwenye lori jingine bovu, akabadilisha mabomba, akamimina mafuta ya breki. Kisha akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba maji kwa jirani.

"Bibi yangu, kuya unisaidie. Iko kazi ya bantu babili."

"Minye? Na hii tumbo?"

"Kazi ya muguu tu. Tutoe hewa mu mabomba ya breki."

Kupanda ndiko kulikuwa kazi. Chuma cha kukanyagia kilinifika kifuani. Alijaribu kuninyanyua, tukashindwa, tukacheka. Mwishowe alileta kreti na kiti cha jikoni juu yake, akanishika kiuno kwa mikono miwili mpaka nikakaa nyuma ya usukani. Yeye akaingia chini.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga. Pedali ilizama kama mguu kwenye matope.

"Shikilia!"

Alilegeza skurubu kwenye gurudumu, nikasikia hewa ikitoka pamoja na mafuta, kisha akaifunga.

"Achilia!"

Tulianza na gurudumu la mbali kabisa. Kwenye la tatu alianza kuzungumza. Nadhani ni kwa sababu hakuniona, wala mimi sikumwona. Sauti ilikuja kutoka chini ya miguu yangu.

"Niliogopa utasema hauna bwana tena."

"Nani alikuambia vile?"

"Hakuna muntu. Minye mwenyewe. Kanyaga."

Nikakanyaga. Akalegeza skurubu.

"Ile mimba ya kwanza, nilitengeneza kitanda cha mutoto. Kule ku gereji, na mabomba. Ilipoharibika nikakivunja, juu weye usikione."

Sikujua. Miaka mitano nilidhani nililia peke yangu. Nilibaki na mguu kwenye pedali, machozi yakinidondokea tumboni, na yeye akiita mara ya pili, mara ya tatu, "Achilia, mama! Achilia, hewa imeisha!" Alipotoka kuja kuona kuna nini, uso wake ulikuwa mweusi kwa grisi isipokuwa mistari miwili chini ya macho. Alinipa kitambaa chake, kikanipaka mafuta shavu zima, tukaendelea na magurudumu yaliyobaki.

Kesho yake alianza kukata vyuma ambavyo sista hakuvitaja. Alichomelea ngazi fupi upande wa dereva, na nyuma akatengeneza ngazi ya kukunja, pana, yenye bomba la kushika kila upande.

Siku ya kupeleka lori nilikaa katikati, kati yake na sista. Kwenye mteremko wa kwanza alipunguza mwendo, akakanyaga, na lori likatulia kama ng'ombe aliyezoea. Kule misheni kulikuwa na wagonjwa wakingoja kuletwa hospitali mjini. Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa kuliko langu alilitazama lile lori refu kwa hofu. Mume wangu akashusha ngazi. Yule mama akashika mabomba, akapanda taratibu, akakaa.

"Papa, nani alikufundisha kuweka hii?" sista aliuliza.

"Bibi yangu," akajibu, akajifanya anakagua tairi.

Baada ya hapo wenye malori kama lile walianza kuja, mmoja baada ya mwingine, na uwanja wetu ukajaa vyuma hata nikakosa mahali pa kuanika nguo. Binti yetu alizaliwa mvua zilipoanza, mzima, mwenye sauti kali. Juma lililofuata kamyo ya masista ilisimama mbele ya nyumba na gunia la mahindi. Sista alishuka akinyoosha mikono ili ambebe mtoto, na mume wangu, grisi mpaka viwikoni, akamzuia mlangoni na kumwambia anawe kwanza.